Kuku wa Verlene Sather

Katika kanisa letu lote la Nordvik hakuna anayesali kwa makini kunishinda mimi. Miaka hamsini na mbili nimekaa benchi lile lile, la tatu kutoka nyuma, na sijawahi kusinzia wakati wa sala. Kukoroma nimekoroma, mara mbili au tatu hivi, lakini hiyo ilikuwa pua, si mimi.

Basi, kwa kuwa nilikuwa macho, naweza kuwaeleza vizuri habari ya Orrin Sather na mkewe Verlene, Kwaresima ile ya kuku.

Kuku wenyewe hawakuwa wa kuliwa. Vilikuwa vile visaa vya jikoni vya kupimia keki isiungue, vya plastiki nyeupe, umbo la kuku anayeatamia. Unamzungusha kiwiliwili mpaka kwenye namba unayotaka, anaanza tik tik tik, na dakika zikiisha anapiga kengele ya kuamsha makaburi. Mchungaji Lindell, kijana wa watu, ana mwaka mmoja tu tangu atoke chuoni, aliwakuta ishirini na nne katika duka la vyombo lililokuwa linafungwa. Akawachukua wote. Jumatano ya Majivu akatugawia, kila nyumba kuku mmoja.

"Tunaishi kama vile Mungu ni wa Jumapili tu," alituambia. "Kwaresima hii, kila saa kuku akilia, acheni mnachofanya. Dakika moja tu. Msiombe kitu. Mwambieni Bwana, 'Upo hapa,' halafu nyamazeni mwone yuko wapi. Na kila Jumatano kwenye supu tutaulizana: wiki hii umemwona wapi?"

Tukaandika majina yetu kwenye utepe wa karatasi tukayabandika chini ya kuku, kama tunavyofanya kwa bakuli zetu zote. Hapa Nordvik chombo kisicho na jina kikiingia jikoni kwa kanisa hakitoki tena.

Sasa, sisi Walutheri wa huku, wajukuu wa Wanorwei, ukituuliza tumemwona wapi Mungu tunajibu "kanisani", kisha tunatazama viatu. Jumatano ya kwanza, katika chumba cha chini ya kanisa tunapokunywa supu, jibu lilikuwa hilo hilo meza nzima. Orrin Sather, dereva wa basi la shule, hata hilo hakulisema. Alisema, "Napita," kama mtu anayecheza karata.

Mkewe akainuka. Verlene ni mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kila siku ya Mungu, na hawezi kuona kiti kitupu bila kukikalia. Alimwona Mungu kwenye povu la sabuni, alisema. Povu moja lilibeba dirisha zima, na ndani ya dirisha mti, na ndani ya mti ndege. Mchungaji alikaribia kulia. Arlys Bakke, aliyepika supu siku hiyo, hakupenda. Jumatano ya pili Arlys naye akawa amemwona Mungu, mara mbili, tena mara moja ndani ya duka la dawa. Verlene akaja na mara kumi na moja, zimeandikwa kwenye daftari.

Ikawa hivyo. Verlene alimtia kuku kwenye mfuko wa aproni, akaenda naye dukani, akaenda naye kwa msusi, akaenda naye kwenye mazishi ya mjomba wangu, na kule kuku alilia mapema kuliko wafiwa.

*

Jumatatu ya wiki ya tatu Orrin alirudisha funguo za basi.

Miaka ishirini na tisa ameliendesha, kwenye theluji na kwenye tope, na hajawahi kugonga hata paka. Lakini tangu vuli kulikuwa na ukungu katikati ya kila alichokitazama, kama doa la kikombe cha kahawa kwenye kitambaa cha meza. Daktari wa macho alimwambia: jicho la kulia limekwisha kuharibika katikati. La kushoto limeanza, ila sindano zinaweza kuliokoa. Sindano ya kwanza, Ijumaa ya wiki itakayofuata, saa tatu asubuhi, katika jiji, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Na uje na mtu wa kukuendesha," alisema dada wa mapokezi. "Bila dereva hatukuchomi. Ukikosa siku hiyo, nafasi nyingine ni mwisho wa Mei."

"Jicho hili litangoja mpaka Mei?" Orrin alimwuliza daktari.

"Halitangoja," alisema daktari.

Mtu wa kumwendesha ni mkewe, nani mwingine? Kwa hiyo ilibidi amwambie. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Orrin akitaka kusema jambo kubwa anahitaji muda kama trekta asubuhi ya Januari. Lazima apashwe moto kwanza.

Jumanne jioni, mezani, alianza.

"Mama," alisema. Ndivyo anavyomwita tangu mtoto wao wa kwanza.

"Mm."

"Siku ile niliyokwenda jijini."

"Ulipokwenda kununua betri."

"Sikununua betri."

Verlene akaweka uma chini. Hapo alikuwa anasikiliza kweli, na siwezi kumnyima haki yake. "Ulikwenda kufanya nini, Orrin?"

Orrin akafuta mdomo. Akakunja kitambaa mara mbili. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Kuku akalia.

Verlene akainua kiganja, akafumba macho. Orrin akabaki amekaa na maneno yake mdomoni, akimtazama. Alikiona kiganja. Aliliona sikio moja na ukingo wa kitambaa. Palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na doa la kahawa.

"Umeona?" Verlene alifumbua macho yanang'aa.

"Nini?"

"Mvuke wa viazi! Umepanda kama uvumba wa hekaluni. Ngoja, ngoja niandike." Akaenda kutafuta daftari, akatafuta kalamu, akaandika, akasoma alichoandika, akarekebisha. Aliporudi viazi vilikuwa vimepoa. "Haya, ulikuwa unasema habari za betri."

"Ndiyo," alisema Orrin. "Walikuwa hawana."

*

Mimi nilimkuta Jumatano asubuhi, nilipoingia kanisani na ndoo yangu. Amekaa benchi la mwisho na koti lake la kazi, chupa ya kahawa pembeni na kopo la chakula alichofungiwa na mkewe.

"Orrin Sather! Leo si siku ya shule?"

"Ni siku ya shule."

"Na basi?"

"Liko barabarani."

"Peke yake?"

Akanieleza. Nilipiga deki kutoka madhabahuni mpaka kwenye kisima cha ubatizo kabla hajamaliza sentensi tatu, lakini alizimaliza. Tangu arudishe funguo anatoka nyumbani asubuhi saa yake ya kawaida, anakuja hapa, na jioni anarudi saa yake ya kawaida.

"Mwambie mkeo, bwana wewe!"

"Nitamwambia. Kuku akinipa nafasi."

"Basi nikupeleke mimi hiyo Ijumaa."

"Dagny, wewe walikunyang'anya leseni ulipoligonga kwa gari lile sanduku la barua."

"Lilikuwa barabarani."

"Lilikuwa kwenye ukuta wa posta." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Na hata angekuwepo mwingine. Siwezi kupelekwa na jirani kabla mke wangu hajajua. Watamcheka."

Hilo lilinigusa, nikajifanya nakamua tambara. "Na humu unafanya nini mchana kutwa? Unasali?"

"Hapana. Nimekaa tu."

"Umekaa tu?"

"Kumetulia." Akafikiri. Nilimaliza mabenchi mawili. "Nadhani na Yeye amekaa tu," alisema.

Nimesikiliza mahubiri miaka hamsini na mbili, na mengine yalikuwa na vichwa vitatu na hitimisho. Nikamwambia anyanyue miguu nipitishe deki.

Aliniapisha nisiseme. Nikaitunza siri ile mchana kutwa. Jioni nilimwambia Arlys Bakke tu, naye alikuwa anajua tayari, maana wajukuu zake wanapanda basi hilo na sasa linaendeshwa na mwanamke anayewaruhusu kula pipi. Kufika saa ya supu, Nordvik nzima ilikuwa inajua, ukitoa nyumba moja.

Jioni ile Orrin alipojipakulia, alimimina upawa mzima wa supu ya njegere pembeni ya bakuli, ukaingia kwenye mkono wa koti lake. Verlene aliruka na kitambaa.

"Orrin! Mchungaji anatuambia kila siku tuwepo pale tulipo! Wewe upo wapi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Ilikuwa nusu sekunde kabla sijakumbuka, lakini nilicheka.

*

Alhamisi alfajiri, Verlene akichana nywele, Orrin alimchukua kuku kutoka rafuni akamtia mfukoni mwa koti. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka jioni moja bila kengele, basi. Jioni moja, aseme, amalize.

Aliporudi alikuta droo zote za jikoni ziko sakafuni.

"Orrin! Umemwona kuku wangu?"

Kama angesema ndiyo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini mkewe alikuwa amepiga magoti katikati ya vijiko, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, anakaribia kulia, na mtu huyu hakuwahi kudanganya maishani, ukiacha ile betri. Aliogopa.

"Hapana," alisema.

"Mwanamume huyu! Haoni kitu hata kikiwa puani kwake!"

"Hilo ni kweli, mama," alisema Orrin.

Jioni aliyoitaka ikapotea kwa kutafuta. Na zilizofuata zikawa mbaya zaidi. Zamani Verlene alisimama mara moja kwa saa. Sasa, kwa kuwa hajui saa ya kusimama, akawa anasimama wakati wote, asije akapitwa. Alisimama kwenye ngazi na kapu la nguo, Orrin akamgonga kwa nyuma. Alisimama dukani mbele ya jibini mpaka mwenye duka akamwuliza kama amechoka akalie gunia. Orrin akianza, "Mama, ile siku," kiganja kinainuka.

"Si ungemwambia Mchungaji kuku amepotea?" alimwuliza.

"Arlys asikie? Arlys amemshonea kuku wake mfuko wa sufu! Na mimi niseme wangu nimempoteza, siwezi hata kutunza kuku wa plastiki?" Akashusha sauti. "Na wewe usiseme. Uniahidi."

Orrin akaahidi. Kumrudisha kuku sasa ilikuwa ni kukiri, na akikiri habari itakuwa ya kuku, na haitafika kwenye macho. Ikaja Jumapili. Ikaja Jumatatu. Bado siku nne kufika Ijumaa. Asubuhi, kwenye benchi lile la mwisho, alikuwa anajaribu jicho lake la kushoto kwa msalaba wa madhabahuni. Wiki iliyopita alikosa kuiona sehemu ya katikati tu. Jumanne alikosa na mkono mmoja wa msalaba.

Ndipo alipogundua jambo, akaniambia nikiwa juu ya ngazi nafuta taa. Katika siku nzima, mkewe ana dakika moja ambayo hasemi, haandiki, hatafuti kitu, na haendi popote. Ile ya kuku. Dakika hiyo alikuwa amemkabidhi Mungu. Orrin aliona Mungu asingekataa kumwazima.

"Kesho, tukitoka kwenye supu," alisema. "Tukifika kwenye ule mwanga wa posta, tuko wawili tu, kuku analia mfukoni. Atasimama. Nitasema yote."

"Dakika moja itakutosha?"

"Nimefanya mazoezi," alisema.

*

Jumatano saa kumi na mbili jioni, akitundika kofia yake mlangoni, Orrin alitia mkono mfukoni akamzungusha kuku. Alitaka saa nzima. Lakini zile namba kwake zilikuwa kama sisimizi wamekaa duara, na vidole vyake vilikuwa na baridi. Akazungusha mpaka alipohisi pamekaza, akaridhika. Alimfikisha dakika thelathini na tano.

Supu ilikuwa ya nyanya. Vijiko arobaini na kitu viligonga bakuli, na hakuna aliyesikia tik tik chini ya koti la sufu. Ikafika saa ya kuulizana. Arlys alianza. Alimwona Mungu kwenye foleni, mgeni alipompisha mbele. Ilikuwa nzuri, fupi. Akakaa akamtazama Verlene.

Verlene akainuka na daftari.

"Leo asubuhi," alisema, "saa moja kamili, kuku wangu alilia. Nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa. Nikaacha. Nikasema, 'Bwana, upo hapa.' Na nikasikia moyoni, wazi kabisa, 'Verlene, si jikoni kwako tu. Saa hii hii nipo na Orrin wako kwenye basi. Nimekaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva.'"

Watu wote mle ndani wakawa wanaitazama supu yao kana kwamba waliona jina limeandikwa chini ya bakuli. Mchungaji alisema "Amina" ya mtu aliyemeza mfupa. Verlene alitazama huku na huku. Alizoea walie kidogo.

Kuku akalia.

Alilia kutoka kifuani kwa Orrin. Lakini wiki nne ni wiki nne. Kabla mtu hajafikiri ni kuku wa nani, vijiko vilikuwa chini, macho yamefumbwa, Verlene amesimama vile vile na kiganja juu. Mimi nilifumba moja.

Orrin alitia mkono mfukoni kumnyamazisha. Nilimwona anataka. Halafu akamtoa, akamweka mezani karibu na mkate, akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Mama," alisema.

Katika dakika ile hakuna anayesema. Hata watoto hawasemi.

"Sijaendesha basi tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimekuwa nakaa humu juu, kanisani. Ni macho. La kulia limekwisha. La kushoto linakwenda. Ijumaa hii saa tatu wananichoma sindano jijini, kama kuna mtu wa kunipeleka, na bila hiyo sindano litakwenda lote." Akapumua. Mazoezi yalikuwa yameisha hapo, lakini aliendelea. "Nikikutazama naona sikio. Naona kitambaa. Uso wako sijauona tangu Krismasi."

Tangu kanisa letu lijengwe, hakuna Sather aliyewahi kusema maneno mengi hivyo akiwa amekaa.

Kiganja cha Verlene kilibaki juu muda mrefu baada ya dakika kwisha. Kisha kikashuka. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, si cha mtu mwingine.

"Ijumaa hii," alisema.

"Ijumaa hii."

"Basi tutatoka saa kumi na mbili. Darajani bado kuna barafu." Alichukua kitambaa cha kufutia akaanza kufuta mkono wa koti la mumewe, ule ulioingiwa na supu wiki iliyopita. Ulikuwa umekwisha kufuliwa. Alifuta tu. "Kwa nini hukuniambia, Orrin?"

"Nilianza. Viazi vikatoa mvuke."

Verlene akaacha kufuta. Alikaa kidogo akitazama ule mkono wa koti. Watu walianza kupenga pua, na ninyi mnajua sisi, kila mmoja alisingizia pilipili. Kama angeyaachia hapo, ningemheshimu mpaka leo kuliko askofu. Lakini Verlene ni Verlene. Aliinua kichwa, akaona macho yote yako kwake, akaliona daftari lake.

"Nilijua kuna jambo," aliitangazia meza. "Bwana amekuwa akinigusa tangu juzi. Kila kuku akilia, ananigusa."

Mchungaji Lindell alikuwa amemwokota kuku ili ampishe mtu anayetaka siagi. Kijana yule hana hila hata chembe, na hilo ndilo tatizo lake. Akamgeuza, akasoma utepe.

"Sather," alisoma. "Kumbe ndiye wako huyu, Verlene. Orrin, ulitoka naye nyumbani leo?"

"Hapana," alisema Orrin, ambaye jioni ile alikuwa ameonja ukweli na hakutaka kuuacha. "Yuko mfukoni mwangu tangu Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ya wiki iliyopita."

Mchungaji akakunja uso, mtu anayetaka kuelewa kweli, ili amsaidie muumini wake. "Sasa, Verlene," aliuliza kwa upole, "leo saa moja asubuhi alilia kuku gani?"

Pale chini ya kanisa kuna jokofu la zamani linalonguruma. Nililisikia vizuri sana.

Orrin aliinamisha kichwa kuelekea kwa mkewe, upande ule ambao bado anaona ukingo.

"Mama," alimnong'oneza, "umekuwa mwekundu usoni?"

"Hata kidogo," alisema Verlene.

Arlys Bakke akarudisha upawa ndani ya sufuria ya supu ya nyanya.

"Mpaka shingoni, Orrin," alisema. "Mpaka shingoni."